Aliyetolewa Eda kwa Jina Langu

Mimi tangu utoto wangu ni kiguu na njia. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilipozaliwa kule Pemba nilitanguliza mguu badala ya kichwa, na mguu huo haukupata kutulia tena. Kuolewa Tanga hakukunibadilisha. Leo nimo Ushongo nanunua samaki wakavu, ng'onda, kwa wavuvi, kesho niko sokoni nawauza, keshokutwa nimo kwenye arusi ya watu nisiowajua nacheza lelemama mpaka sauti imekauka. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva, na alipenda kunitania kwamba mwenye gari ni yeye lakini msafiri ni mimi. Basi fikirini mtu wa namna hiyo anafiwa na mumewe, anaambiwa akae eda.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hutoki nje ila kwa dharura kubwa, hujipambi, hujitii manukato, wala mwanamume asiye maharimu yako hakuoni uso. Nilivikwa bafta nyeupe, kioo changu kikageuzwa ukutani, na mlango wa nyumba yetu ya Chumbageni ukatundikwa pazia zito. Somo yangu, yule aliyenifunda nilipovunja ungo, alivuka kutoka Pemba akahamia kwangu ili anisimamie. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, na tambuu haikumtoka kinywani. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Wewe n'nakujua. Ukitia guu nje ya kizingiti hiki, n'talivunja mwenyewe."

Mume wangu alikuwa akimwendesha balozi mdogo wa Wareno pale mjini. Balozi huyo watu hawakumpenda, nami sikumpenda zaidi yao. Wareno ndio waliokuwa wakitawala kule ng'ambo ya mto Ruvuma, na mkubwa wao huko Ulaya alikuwa amekalia kiti tangu mimi sijajua kufunga kanga, bila kuchaguliwa na mtu na bila kuulizwa neno. Mwenye kumpinga alitiwa ndani, na wengi hawakutoka. Watu wa huko walikuwa wakikimbia kwa makundi, wanakuja kukata mkonge kwetu, na mashamba ya Pongwe yalijaa wao. Kazi ya balozi, kama tulivyoijua sisi, ilikuwa kuwatambua wale waliokuwa wakitafutwa kwao na kuwaomba Waingereza wawakamate wawarudishe. Nilimuuliza mume wangu mara nyingi anawezaje kula mshahara wa mtu huyo. Alikuwa akinijibu, "Kula wali wako, mke wangu."

Alikufa ajali. Gari lilipinduka kwenye kona karibu na Pongwe, siku ya Ijumaa, naye yumo peke yake. Hilo la peke yake ndilo lililonikaa rohoni. Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alifuata nini Pongwe?

Matanga yalipokwisha, Bwana Balozi alikuja kunipa pole. Alisimama barazani, mimi na Somo tukakaa nyuma ya pazia. Nilichoweza kuona ni viatu tu, chini ya upindo wa pazia: viatu vya kahawia, kimoja kamba yake imekatika ikaungwa fundo. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani ya kusini, kizuri kuliko nilivyotaka kiwe.

"Mama," alisema, "marehemu alikuwa akinisaidia kazi moja. Kuna mwanamke kambini Pongwe. Kila Ijumaa alikuwa akienda kwa ajili yake."

Nilichemka. Mjane hapigi kelele, lakini mimi nilipiga. "Mke mwenzangu! Nimekaa humu nimevaa sanda ya mtu aliyekuwa na mke mwenzangu kambini, na wewe waniletea pole?" Somo alinifinya paja mpaka machozi yakanitoka, watu wa nje wakadhani ni ya msiba.

Bwana Balozi alingoja nikatulia. Kisha akaeleza kwa sauti ya chini. Mwanamke yule ametoka ng'ambo ya Ruvuma. Serikali yake inamtafuta, mumewe wameshamuua, na mpelelezi wa Wareno yuko njiani anakuja kukagua makambi ya mkonge kwa kibali cha Waingereza. Waraka wa kutaka akamatwe ulipitia mezani kwa balozi mwenyewe, naye aliukalia. Mume wangu alikuwa akimpelekea chakula na kumhamisha kambi hadi kambi, na mwanamke huyo hakuwa wa kwanza. Kabla yake walikwishapita wengine. Sasa dereva amekufa, na mwanamke hana pa kwenda. Nilichoombwa mimi ni nyumba yangu, kwa sababu katika mji mzima wa Tanga hiyo ndiyo nyumba ambayo mwanamume haingii.

Nilitazamana na Somo. Alitafuna tambuu kwa muda mrefu.

"Eda ni ya Mungu, Bwana Balozi," alisema. "Si ya kufichia watu."

"Ni kweli, Bibi."

"Huyo mwanamke, wasema mumewe kauawa. Lini?"

"Kabla ya masika."

"Akaa eda?"

"Alikaa porini."

Somo alitema kwenye kopo lake. "Basi hajakaa. Mlete akae."

Ndivyo alivyokuja kwangu. Aliletwa adhuhuri, amefunikwa baibui la kuazima, katikati ya wanawake waliokuja na masinia ya chakula, na walipotoka hakuna aliyejua kwamba wametoka pungufu. Alipofunua uso nilielewa kwa nini asingeweza kujificha mjini hata siku moja. Alikuwa Mmakonde, uso mzima chale, na kwenye mdomo wa juu alivaa ndonya nyeusi ya mpingo. Mtu angemtambua kutoka ng'ambo ya barabara. Na nisiwafiche, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha, maana nilimtazama nikajua kwamba huyu hakuwa mke mwenzangu. Alikuwa na umri wa mama yangu.

Tulimweka chumba cha ndani, nyuma ya kitanda kikubwa. Wageni wakija anaingia huko, wakiondoka anatoka. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu ungempa jembe alimie wapi? Alikaa. Na jinsi alivyojua kukaa ndiyo iliyonitia wazimu. Mimi nilikuwa nazunguka ukumbini kutwa, nahesabu boriti, nafuta taa ambayo nimeifuta asubuhi, nasogeza mkeka, naurudisha. Yeye alikaa mahali pamoja, mikono mapajani, hakohoi, hajikuni. Siku moja alinitazama nikipita mbele yake mara sijui ya ngapi, akaniuliza kwa Kiswahili chake kidogo, "Dada, mbona watembea sana? Wafika wapi?"

Nilikasirika, kisha nikacheka, na tangu hapo tukawa watu wa kuzungumza.

Kosa lake lilikuwa mbegu. Kule kwao kila mwanamke alilazimishwa kulima pamba ya serikali, shamba la chakula libaki pori. Watoto walikufa njaa katikati ya pamba. Basi yeye alichukua mbegu alizogawiwa akazichemsha chunguni kabla ya kuzipanda. Hazikuota. Akawaambia jirani zake, nao wakachemsha, na habari ikaenda kijiji hadi kijiji, mpaka wakubwa wakawa wanatembea kwenye mashamba matupu wakishangaa ardhi imeugua ugonjwa gani. Siku walipojua, walimpiga mumewe mbele ya watu ili amtaje aliyeanza. Hakumtaja. "Mimi nilikuwa nimesimama pale," aliniambia.

Mwezi wa Maulidi uliingia. Watu wa Tanga wakiamua kusoma Maulidi, hata mawe hayalali. Nilisikia madufu kila upande, nilisikia wenzangu wakipita chini ya dirisha wananukia udi, wananisalimu kwa sauti za kunisikitikia. Nililia kwa hasira ya kufungiwa. Naona haya kusema, lakini kwa siku zile niliulilia mguu wangu kuliko nilivyomlilia mume wangu.

Ndipo mpelelezi akaja. Kwanza nilisikia gari, kisha vile viatu vyenye fundo, na pamoja navyo viatu vyembamba vyeusi vilivyong'aa. Bwana Balozi alizungumza kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake, tena kwa Kiswahili, ili sisi tulio ndani tumsikie.

"Hii ndiyo nyumba ya dereva wangu marehemu! Bwana huyu ametoka mbali, kasikia dereva alikuwa akionekana kambini, anataka kuikagua. Mjane yumo ndani?"

Mgeni wetu wa Kimakonde alikuwa amekaa na mimi ukumbini tunachambua mchele. Aliinuka bila sauti akaenda nyuma ya kitanda. Punje moja haikuanguka. Somo naye alikwenda mlangoni, akasimama mbele ya pazia na mchi mkononi.

"Mjane yumo," alisema. "Na eda yake imo. Mwambie huyo bwana, akivuka kizingiti hiki kavunja eda ya mtu, na mji huu utamuuliza."

Nilisikia kete za bao zikikoma barazani kwa jirani. Wanaume waliinuka mmoja mmoja wakaja wakasimama mbele ya nyumba yetu. Askari aliyemsindikiza yule bwana alikuwa kijana wa hapa hapa, akarudi nyuma hatua mbili, akasema yeye humo haingii hata afukuzwe kazi. Mpelelezi aliuliza jambo kwa lugha yao, Bwana Balozi akamjibu, kisha akatafsiri kwa sauti kubwa, "Anauliza eda huchukua muda gani. Nimemwambia miezi minne na siku kumi. Anasema amehesabu, na siku hiyo ikifika atakuwa hapa mlangoni." Akaitaja tarehe, kwa mwezi wa Kizungu.

Siku ya pili Bwana Balozi alirudi peke yake, na hapo barazani tukapanga. Fikra ilikuwa ya Somo. Mjane siku ya kutolewa eda huogeshwa alfajiri, hufunikwa gubigubi, na wanawake wa mtaa humsindikiza mpaka pwani. Wanaume humwepuka. Kwetu inaaminika kwamba mwanamume akikutana na mjane siku hiyo huzoa nuksi yake, kwa hiyo hata askari wa zamu hugeukia ukuta. Basi atakayetoka amefunikwa hatakuwa mimi. Atakuwa mgeni wetu, na pwani atakuta chombo cha kumvusha Pemba, ambako msimu wa karafuu ulikuwa umeanza na watu wa kila kabila walikuwa wakimiminika kuchuma. Huko Mmakonde mmoja zaidi hashangazi mtu, wala haulizwi katoka lini. Mtaani itasemwa kwamba mjane kaenda kwao kupumzika. Bwana Balozi alisema atatafuta nahodha wa kuaminika kwa siku ile ile, alfajiri, kabla mpelelezi hajaamka.

"Na mimi?" niliuliza.

Jibu nililijua. Wakati watu wanasema niko Pemba, mimi sitaweza kuonekana Tanga. Nitafungiwa humo ndani, kufuli nje, mpaka Somo atakapomfikisha mgeni na kurudi. Siku niliyokuwa nimeiota tangu nivae bafta ile, siku yangu ya kutoka, angeitumia mtu mwingine. Nilisema, "Haya," lakini nililisema kwa kinyongo.

Sasa sikilizeni kilichotufika. Jioni moja Somo alitoka uani, akautazama mwezi, akarudi anahesabu vidole. "Keshokutwa twakutoa," alisema.

Nilifurahi, kisha nikakumbuka. "Bwana Balozi kasema wiki ijayo, Somo."

"Bwana Balozi wiki ijayo ya nani? Mumeo kafa mwanzo wa Mfunguo Tatu. Mfunguo Saba huu, umeandama siku ngapi? Hesabu mwenyewe."

Nilihesabu. Ilikuwa kweli. Miezi ya eda ni miezi ya kuandama, na Bwana Balozi alikuwa amehesabu kwa kalenda ya ukutani kwake, ambayo miezi yake ni mirefu. Hatukumwambia, maana haikutupitia akilini kwamba kuna mwezi mwingine. Tarehe zile za Kizungu kwetu zilikuwa za mishahara. Nilimtukana balozi wa watu matusi ambayo mjane hapaswi kuyajua.

"Tungoje basi siku hizo nne tano," nilisema.

"Tungoje?" Somo alinikazia macho. "Mtaa mzima wajua siku yako, mchele washapepetwa. Mjane asiyetoka eda yake ikiisha ana sababu moja tu. Watasema una mimba ya marehemu, na kabla ya adhuhuri wakunga watatu watakuwa humu ndani wakupapasa tumbo."

Hilo lilikuwa kweli pia. Somo alijifunika akaenda mjini kumtafuta Bwana Balozi, akaambiwa amesafiri na yule bwana kwenda mashamba ya Pangani. Alirudi amechoka. Nahodha aliyeahidiwa hakuwapo, na hatukumjua jina. Mgeni wetu alikuwa akitutazama tunavyobishana, na alipoelewa aliuliza kitu kimoja, "Wachuma karafuu wenyewe wavuka na nini?"

Walikuwa wakivuka na vyombo vya kawaida, kila siku upepo ukiruhusu, wamejaa na vikapu vyao na sufuria zao. Somo alikwenda pwani akachukua nafasi mbili, yake na ya mjane anayemrudisha kwao. Hakuna aliyemuuliza neno.

Alfajiri ile Somo aliniogesha mimi kwanza, kwa sababu eda ilikuwa yangu na Mungu hadanganywi. Alinimwagia maji ya karafuu maiti na mrashi, akanisomea, akasema, "Umetoka." Kisha nguo zilizokuwa zimewekwa kwa ajili yangu, kanga mpya za kisutu na baibui nililokuwa nimelitamani miezi yote ile, akamvika mgeni. Akamfukiza udi. Mgeni alisimama tuli anavikwa, mimi nikamfunga ushungi kwa mikono yangu, nikavuta kitambaa mpaka ndonya na chale zote zikapotea. Alinishika vidole.

"Sasa ni wewe wa kukaa, dada," alisema. "Mimi n'tatembea."

Nilijificha nyuma ya kitanda. Nikasikia wanawake wakiingia, nikasikia majirani zangu wakimbusu kichwani na kuniombea dua, jina langu midomoni mwao. Wengine walilia. Mlango ukafunguliwa, miguu mingi ikatoka, na kufuli likagongwa. Niliwasikiliza wakienda mpaka sikusikia tena.

Siku zilizofuata sijui nizielezeje. Sikuweza kuwasha moto, moshi ungenisema. Nilikula tende na mikate mikavu. Jirani yangu na mimi tulitenganishwa na ukuta mmoja, kwa hiyo sikuweza hata kutembea kama nilivyozoea. Miguu ilikuwa ikinicheza yenyewe kwa usongo. Nilikwenda nikakaa pale pale alipokuwa akikaa yeye. Ukutani, chini, kwenye chokaa, niliona alama ya bega lake. Nikaweka langu. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu yenyewe hasa, maana nilifahamu kwamba nikikohoa tu na yule bwana akajua mjane yumo, atauliza ni nani basi aliyevuka, na Pemba ni ya Mwingereza kama Tanga.

Siku yake ilipofika, alikuja. Nilivisikia viatu vyembamba vikipanda barazani, na vile vingine nyuma yake. Wakalikuta kufuli. Kisha nikamsikia Bwana Balozi akiuliza, "Mjane yuko wapi?" Maskini, hata yeye hakujua. Alikuwa amekuja akiamini kwamba wote wawili tumo ndani.

Jirani yangu akamjibu kwa majivuno, "Mjane katolewa zamani, Bwana! Mwasubiri nini nyie? Keshafika kwao Pemba."

Bwana Balozi alicheka, akashindwa kujizuia. Mwenzake alipandwa na ghadhabu, akaanza kulitikisa kufuli kwa nguvu, akaja dirishani akatia jicho kwenye ufa wa ubao. Nililiona jicho lile. Lilizunguka chumbani, likapita juu ya kitanda. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hakuna kiungo changu kilichotaka kwenda popote. Nje, wanawake wa Chumbageni walipoona mtu anavunja nyumba ya mwenzao aliye safarini, waligutia, "Mwizi! Mwizi!" na mtaa ukajaa. Gari liliondoka kwa kasi.

Alasiri vile viatu vyenye fundo vilirudi peke yake.

"Ndani kuna mtu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kuna mjane," nilisema.

"Na mwenzako?"

"Kaenda kuchuma karafuu."

Nilimsikia akikaa barazani kwa uzito. Kisha akaniambia kwamba yule bwana ameshapeleka simu kwao, kwamba waraka aliokuwa ameukalia umejulikana, na kwamba ameitwa arudi nyumbani. Meli ilikuwa bandarini ikipakia katani. Ikishiba ataondoka nayo.

Barazani hakukuwa na mwingine, nikafungua dirisha kidogo. Eda ilikuwa imekwisha, hakukuwa na haramu. Nilimwona: mzee mfupi, masikio makubwa, ndevu hazijanyolewa siku mbili. Miezi yote ile nilikuwa nimemfikiria mrefu.

"Usiende," nilimwambia. "Chumba kipo, Bwana Balozi. Godoro bado lina joto. Tutakuficha."

Alitabasamu. "Na mimi nitakaa eda ya nani?"

"Utakaa ya yeyote! Huko watakufunga. Watakuua."

"Nina mama huko," alisema. "Nisiporudi, wataanza naye." Akavitazama viatu vyake. "Zamani nilikuwa bwana shamba kule kwao huyo mwenzako. Zile mbegu, mama, mimi ndiye niliyekuwa nikizigawa."

Nililia mbele ya mwanamume mgeni, wala sikujificha uso. Aliniomba jambo moja tu. Kama habari itakuja kwamba mwanamke yule amefika salama, na meli bado haijatoka, nimwoneshe ishara kutoka pwani. Atakuwa sitahani, anatazama pwani. Akijua amefika, alisema, ataweza kusafiri.

Somo alirudi meli ikiwa bado. Alifungua kufuli, akaingia amelowa mvua ya vuli, akaniambia kabla hata ya salamu, "Kafika. Yuko shambani karibu na Wete, kalala kwa wenziwe wa kwao. Kasema nikwambie, tembea sasa."

Bafta ya eda, kwa mila yetu, ni haki ya somo aliyekusimamia. Niliinyakua mikononi mwake, naye akipiga kelele, nikatoka mbio bila udi wala dua, bila mtu wa kunisindikiza. Majirani walioniona walidhani wameona mzuka. Nilipofika pwani meli ilikuwa imeng'oa nanga, inageuka taratibu kuelekea nje ya ghuba. Niliingia majini mpaka magotini, nikaikunjua bafta yote, nikaipunga juu ya kichwa changu mpaka mabega yakawaka moto. Kwenye sitaha alikuwapo mtu mdogo mdogo. Aliinua mkono. Huenda alikuwa yeye, huenda alikuwa baharia anajifuta jasho.

Sikusikia habari zake tena. Miaka mingi niliwauliza mabaharia wa meli za Wareno, kwa ishara na kwa maneno mawili matatu niliyojifunza, na walinitazama wakatingisha vichwa. Nilipofiwa na mume wangu niliambiwa siku aliyokufa, nikahesabu, nikamaliza, nikaogeshwa. Huyu hakuna aliyeniambia siku yake. Basi mpaka leo, na uzee huu na magoti haya, meli ikipiga honi bandarini navuta baibui langu natoka.